Benki yataka kuuza nyumba: umchukue wakili wa Malindi, wa Mombasa au wa Nairobi?

Bahasha tatu za benki zilikaa juu ya kabati la vyombo nyumbani kwa mjomba, Maweni hapa Malindi, zimefunikwa na sinia. Mbili hazikuwahi kufunguliwa. Tulizikuta siku kijana wa dalali alipokuja kubandika karatasi ukutani, na mjomba, mtu aliyezoea kaskazi na kusi, akakaa barazani kama aliyepigwa na jua. "Mwanangu," akaniambia, "nilidhani madhali wananiandikia, basi bado tunazungumza."

Hati ya nyumba aliiweka rehani ili aongeze vyumba vitatu vya wageni. Mwaka 2020 ndege za watalii zikakoma, vyumba vikalala vitupu, riba haikulala. Katika majuma mawili baada ya ile karatasi mimi na yeye tulizunguka kwa mawakili wanne, na wa tano tukazungumza naye kwa simu. Mjini hapa kila mtu ana wakili wa kukupendekezea, na sababu huwa ile ile: huyu ni mtu wetu. Utu wetu haukutusaidia kuchagua. Kilichotusaidia ni kusikiliza kila mmoja anauliza nini kabla hajataja pesa.

Tarehe kabla ya wakili

Kwanza ujue umesimama wapi, maana wakili anayefaa leo huenda asifae baada ya miezi miwili. Kenya, benki iliyoandikisha rehani yake vizuri haihitaji kwenda mahakamani ili iuze. Inauza kwa nguvu ya rehani yenyewe. Anayepaswa kukimbilia mahakamani ni wewe. Nalitaja hili mapema kwa sababu mjomba ana mtoto wa dada yake aliye Florida, na huyo kila akipiga simu alisema, "Subirini wawashtaki, hapo ndipo mjibu." Kwao Florida ni kweli, mkopeshaji huanzia mahakamani. Huku ukingoja kushtakiwa utashtukia mnunuzi yuko mlangoni na mita ya kupimia.

Sheria ya Ardhi ya 2012 imeweka ngazi, na kila ngazi ina siku zake. Ukichelewa kulipa na mwezi ukapita, benki inaweza kukuandikia notisi ya kwanza, nayo lazima ikupe si chini ya miezi mitatu. Lazima pia ieleze kosa lako ni lipi, unadaiwa kiasi gani, na kwamba una haki ya kuiomba mahakama nafuu. Muda huo ukiisha hujalipa, inakuja notisi ya pili, ya kuuza, isiyopungua siku 40, na nakala yake wanapelekewa wengine wenye haki wakiwamo mdhamini na mwenzi aliyeridhia rehani. Halafu anaingia dalali wa mnada. Kanuni za madalali za 1997 zinamtaka akupe siku 45 za kuikomboa mali, na zikiisha, mnada usifanyike kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza gazetini. Zikipangwa moja baada ya nyingine, tangu mwezi ule wa kwanza wa kuchelewa hadi nyundo, ni zaidi ya miezi saba. Mjomba alikuwa amezimaliza takriban tano chini ya sinia.

Kwa mtu aliye kwenye notisi ya kwanza, mpiganaji wa mahakamani si hitaji lake kubwa. Anahitaji mtu anayejua kuandika barua ya kuomba mkopo upangwe upya na anayeweza kusimamia uuzaji wa hiari iwapo una kiwanja kingine. Kwenye notisi ya siku 40 unahitaji msomaji mkali wa karatasi. Kwenye siku 45 za dalali ndipo unamtaka yule wa kesi, na unamtaka juma hili. Nyundo ikishagonga umechelewa: sheria inamlinda mnunuzi aliyenunua kwa nia njema, na wewe unabakia na dai la fidia dhidi ya aliyeuza vibaya. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "nani hodari?" funua bahasha, andika tarehe ya kila barua na siku uliyoipokea kwa mkono wako.

Wakili wa hapa hapa Malindi

Faida zake zinaonekana kwa macho. Unamwendea kwa miguu au kwa tuktuk. Akitaka kuiona nyumba anaiona jioni hiyo hiyo. Malindi ina Mahakama Kuu na Mahakama ya Mazingira na Ardhi, kwa hiyo humlipii nauli wala hoteli kila kesi inapotajwa. Anamjua karani, anamjua meneja wa tawi, na meneja wa tawi akitaka kusikiliza kabla mambo hayajafika makao makuu, simu moja inaweza kufanya kazi ya barua tatu.

Kasoro yake inatoka kwenye kisima hicho hicho. Mji ni mdogo na mabenki yana orodha zao za mawakili wanaowaandalia rehani na kuwafuatilia madeni. Wakili uliyemzoea msikitini au sokoni huenda ndiye aliyeandika rehani unayotaka kuipinga. Huyo hawezi kukutetea, hata akikupenda vipi.

Wakili wa kwanza tuliyemwendea, barabara ya Lamu, alitufunza adabu hii. Mjomba akaziweka bahasha mezani. Mzee yule akazifunika kwa kiganja kabla hazijafunguliwa, akauliza, "Benki gani, sheikh?" Alipotajiwa, akazirudisha. "Hawa ni wateja wangu. Nikizisoma nitakuwa nimekudhulumu wewe na wao." Hakutoza hata chai. Nilitoka na hasira siku ile; leo ningempeleka kwake mtu yeyote anayedaiwa na benki nyingine.

Wa pili, mitaa miwili kutoka pale, hakuuliza benki, hakuuliza tarehe, hakuifungua bahasha hata moja. Alisema, "Lete elfu themanini leo, kesho stei iko mkononi," yaani zuio la mahakama la kusimamisha mnada. Mjomba alitaka kulipa. Mtu aliyebanwa hupenda sauti yenye uhakika, na sauti ile ilikuwa na uhakika wa kutosha kuuzia nguo za mitumba. Tukasema tutarudi.

Kwa hiyo wawili wa mji mmoja hawafanani, na swali la kumwuliza wa karibu ni hili, waziwazi, kabla ya salamu kuisha: una kazi yoyote na benki hii, au uliwahi kuandika rehani yao? Wakili mzuri halioni swali hili kuwa tusi.

Mombasa

Kilomita kama 120, na unapata ofisi zenye mawakili kadhaa, mmoja wao akiwa hana kazi nyingine ila mizozo ya mabenki. Hilo lina uzito. Sheria ya rehani imejaa mitego ambayo wakili wa kila kitu, wa talaka asubuhi na wa ajali jioni, anaweza kuikanyaga. Mfano ni mlango wa kuingilia. Mtu anaweza kudhani kwamba kwa kuwa ni nyumba, kesi inakwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilisema mzozo wa rehani na hesabu za mkopo unakwenda Mahakama Kuu, kwa kuwa kuweka mali rehani si matumizi ya ardhi. Ukifungua mlango usio wako, benki itasimama na pingamizi hilo tu, na siku zako 45 zinazidi kuyeyuka. Na kama aliyekukopesha ni SACCO yako, mzozo wa mwanachama na chama chake una baraza lake, Baraza la Vyama vya Ushirika. Muulize wakili: utafungua wapi, na kwa nini huko? Akijibu kwa sentensi mbili zilizonyooka, endelea naye.

Jambo la pili la Mombasa ni hati. Hati nyingi za zamani za Malindi, zile zenye namba ya CR, ziliandikishwa kwenye masjala ya Mombasa. Kabla ya kugombana na mtu, wakili anapaswa kupiga sachi ya hati aone rehani iliandikishwa lini na kwa kiasi gani, na je, kuna nyongeza uliyotia saini bila kuielewa. Aliye Mombasa huifanya asubuhi, akawa na majibu.

Wakili wa Mombasa ndiye wa kwanza aliyezisoma barua za mjomba zote. Alichukua kalamu ya risasi akaandika tarehe pembeni, akahesabu kwa vidole, akatabasamu: notisi ya siku 40 ilikuwa imetiwa tarehe siku kumi na moja kabla ya ile miezi mitatu kuisha. Ningelipa pale pale. Ila nilipouliza nani atasimama mahakamani Malindi, akasema kuna kijana wa ofisi atakayekuwa akija. Kijana hakuwapo tumwone. Bei nayo ilikuwa ya huyo tuliyemwona pale, na kila safari ya kijana ingehesabiwa kivyake.

Si dhambi ofisi kubwa kumpa kijana faili. Vijana wengine ni wakali kuliko wakubwa wao. Dhambi ni wewe kutojua. Sharti nitakalompa mtu: mwone kwa macho atakayesema "mheshimiwa" kwa niaba yako.

Nairobi, kwa simu na kwa skrini

Miaka kumi iliyopita nisingeiweka Nairobi kwenye ulinganisho huu. Tangu 2020 kesi nyingi husikizwa kwa video, na Machi 2024 Idara ya Mahakama ilipeleka ufailishaji wa mtandaoni kwenye mahakama zote nchini. Wakili aliye Upper Hill anaweza kufaili Malindi kabla wewe hujamaliza mahamri.

Ana turufu moja: makao makuu ya mabenki yako Nairobi, na uamuzi wa kusamehe riba ya adhabu au kupanga mkopo upya hauchukuliwi kwenye tawi la Malindi. Kama shauri lako ni la mazungumzo na mkopo ni mkubwa, mtu wa huko ana sababu ya kuwapo. Ila hati ya kiapo bado utaiapa mbele ya kamishna wa viapo hapa, nyumba yako hajaiona, na yule tuliyezungumza naye alitaja "Malindi, kule Mombasa" mara mbili. Ada yake ilizidi ya wote. Kwa nyumba ya Maweni yenye deni la milioni mbili na kitu, haikuwa na maana.

Aliye Lamu ana hesabu nyingine

Ndugu zetu wa Lamu hawachagui kati ya karibu na mbali. Kwao karibu kote ni mbali. Kisiwani mahakama ipo, na hakimu mkuu popote nchini, kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015, ana uwezo wa madai hadi shilingi milioni 20. Mahakama Kuu ya karibu iko Garsen. Wakili wa kumtoa Malindi ana zaidi ya kilomita 200 hadi Mokowe, kisha boti. Ukimlipa kwa kila safari, ada ya kesi itaizidi riba. Kwa mtu wa Amu au Mpeketoni ningesema hivi: mtafute aliyekwisha kubali kufanya vikao kwa video, na makubaliano yenu yaandike kwamba safari ya boti ni kwa siku ya ushahidi tu.

Halafu yako mambo ya Lamu yenyewe. Nyumba za mji wa kale nyingi zina historia ndefu kuliko karatasi zake. Nyumba ya wakfu haiuzwi wala hairehaniwi, na nyumba ya mirathi isiyogawanywa si ya ndugu mmoja aliyeshika ufunguo. Ikiwa benki ilipewa rehani na mmoja wa warithi, utetezi wako huenda uko kwenye mirathi kabla ya kuwa kwenye notisi. Hapo unamtaka wakili anayeweza kusoma hukumu ya kadhi bila kuomba atafsiriwe, na sidhani utampata Upper Hill. Lakini usiipeleke kesi ya rehani kwa kadhi. Kadhi ana nikahi, talaka, mirathi na hadhi ya mtu baina ya Waislamu. Mkataba wako na benki haumo, hata benki iwe ya Kiislamu na mkopo uitwe murabaha. Benki hizo nazo huandikisha rehani, nazo huuza kwa Sheria ile ile ya Ardhi.

Wa bure, au karibu na bure

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ilianzisha Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, na Kituo Cha Sheria kimekuwa kikisaidia wasio na uwezo tangu 1973, kikiwa na ofisi Mombasa. Kwa mjane aliyewekewa nyumba rehani na mumewe bila yeye kujua, ningeanza hapo. Watakuuliza kipato chako, na mwenye vyumba vya wageni kama mjomba hana nafasi ya mbele kwenye foleni ile. Hata hivyo, kupata mtu wa kukusomea notisi na kukuambia uko ngazi gani ni msaada wa kutosha kukufanya usiwe mateka kwa wakili wa elfu themanini.

Na yule mjuaji wa nje ya mahakama, mwenye faili kwapani na fulana ya kola, anayesema anajua pa kupita? Huyo simlinganishi na mtu. Kuandika hati za kesi kwa malipo bila kuwa wakili ni kosa la jinai, na hati zake mahakama inaweza kuzitupa.

Pesa, na namna zinavyotajwa

Wenye haraka hulinganisha jumla: huyu 80,000, huyu 150,000. Jumla haina maana mpaka ujue imebeba nini. Wa elfu themanini alimaanisha ombi la zuio peke yake. Kesi yenyewe, ambayo bila hiyo ombi halisimami, ingekuja baadaye na bei yake. Wa Mombasa alitaja pesa nyingi lakini zilibeba kesi, ombi, na vikao hadi uamuzi wa ombi. Ukiondoa nauli za kijana, pengo halikuwa kubwa kama lilivyosikika.

Waulize wote kwa maneno yale yale: kiasi hiki kinafika hadi wapi? Uamuzi wa zuio? Hukumu? Rufaa je? Ada za kufaili za mahakama zimo? Kodi ya VAT ya asilimia 16 imo? Kisha yaandikwe na yatiwe saini. Sheria ya Mawakili inakubali makubaliano ya ada yaliyoandikwa na kutiwa saini na mteja.

Kuna mambo mawili ya sheria hiyo yatakayokusaidia kumnusa mtu. Wakili haruhusiwi kukubali kulipwa ukishinda tu, na haruhusiwi kutoza chini ya kiwango cha Agizo la Ada za Mawakili. Anayekwambia "usinilipe mpaka tushinde" au anayekata bei mara tatu ukiwa mlangoni anakuonyesha anavyozichukulia sheria, na kesi yako ni ya sheria. Kuomba kulipa kwa mafungu si aibu, wengi hukubali.

Pesa za ada zidai risiti. Pesa za kupunguza deni ni jambo jingine, hizo zipeleke benki mwenyewe na uchukue stakabadhi. Zikilazimika kupitia kwa wakili, mathalani umeuza kiwanja, ziingie kwenye akaunti ya wateja ya ofisi, kamwe si kwenye M-Pesa ya mtu.

Ahadi

Hapa ndipo nilipowatenga. Hakuna wakili anayeweza kuahidi zuio, kwa sababu zuio ni la jaji. Tangu 1973, katika kesi ya Giella na Cassman Brown, mahakama hutazama mambo matatu: je, una kesi yenye uso, yaani inayoonekana ina msingi, je, utapata hasara isiyofidika kwa pesa, na shaka ikibaki, mzani wa usumbufu unalalia wapi. Na kwa miaka mingi majaji wamerudia neno lisilopendeza masikioni mwa mkopaji: ukiiweka mali rehani umeikubali iwe bidhaa ya kuuzwa. Kusema tu "deni si kiasi hicho" hakuzuii mnada. Kulia kwamba ni nyumba ya babu hakuzuii mnada.

Kinachozuia ni kasoro, na wakili wa kweli anaziwinda. Notisi ilipelekwa kweli, au ilitumwa kwenye sanduku la posta ulilolifunga zamani? Siku zilitimia? Tathmini ya nyumba ilifanywa ndani ya miezi 12 kabla ya mnada? Bei iko wapi ikilinganishwa na soko? Sheria inasema nyumba ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, inachukuliwa kwamba benki haikutimiza wajibu wake mpaka ithibitishe vingine. Riba nayo: Sheria ya Mabenki, kifungu cha 44A, inazuia riba kuupita mtaji uliokuwa ukidaiwa mkopo ulipoanza kuhesabiwa mbovu. Kama ulibakia na 1,800,000 siku hiyo, riba ya kuanzia hapo haiwezi kuvuka 1,800,000 nyingine, hata miaka ipite.

Tena zuio la upande mmoja, lile la haraka kabla benki haijasikizwa, halizidi siku 14, na lile la baada ya kusikizwa hufa kesi isipokwisha ndani ya miezi 12, ila mahakama iseme vinginevyo. Mahakama inaweza pia kukuambia uweke sehemu ya pesa kwanza. Aliyekuuzia "stei" kama dawa ya kumaliza ugonjwa hakukwambia haya. Wa elfu themanini hakutuambia.

Kumkagua kabla ya kumlipa

Hili halichukui saa moja. Kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili, LSK, unaandika jina unaona kama ana cheti cha mwaka huu. Cheti huisha tarehe 31 Desemba, kwa hiyo Januari uwe mwangalifu zaidi; Chama kina tawi Malindi, ukishuku ulizia huko. Kisha nenda tovuti ya Kenya Law, ambako hukumu husomwa bure, utafute jina la wakili pamoja na neno la benki. Mwishoni mwa hukumu nyingi huandikwa nani alimwakilisha nani. Utaona kama huyu bingwa wa rehani amewahi kuisimamia hata moja, na alikuwa upande gani. Wa elfu themanini nilimkuta kwenye kesi za ajali za barabarani, na hapana pengine.

Kwa njia hiyo hiyo ndiyo tuliyempata tuliyemchukua. Ni binti wa hapa Malindi, ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la simu, jina lake likiwa kwenye maamuzi mawili dhidi ya mabenki, moja ameshinda, moja ameshindwa. Lile aliloshindwa alilieleza mwenyewe bila kuulizwa.

Aliuliza benki gani. Akauliza tarehe, naye akaikuta ile kasoro ya siku kumi na moja. Kisha akauliza jambo ambalo wa Mombasa hakuliuliza: "Mzee, samahani, nani anaishi kwenye nyumba hii na wewe?" Mjomba ana wake wawili. Bi mkubwa yuko Ganda, ndiye aliyetia saini rehani benki ilipotaka ridhaa ya mke. Anayeishi Maweni, kwenye nyumba yenyewe iliyorehaniwa, ni bi mdogo, na bi mdogo hakuulizwa na mtu. Kifungu cha 79 cha Sheria ya Ardhi kinasema rehani ya nyumba ya ndoa inasimama tu kama mwenzi anayeishi ndani yake ametia saini au ipo ithibati kwamba ameridhia. Mjomba akainamisha kichwa. "Sikudhani ni muhimu, mwanangu." Wakili akaandika.

Hakukimbilia mahakamani. Aliiandikia benki barua ya kurasa tatu, yenye tarehe zote na swali kuhusu bi mdogo, huku kesi ikiwa tayari kwenye kompyuta iwapo dalali angeng'ang'ania. Benki iliziondoa notisi zake na kuanza upya. Muda huo mjomba akauza kiwanja chake cha Gede kwa hiari, kwa bei ambayo mnada usingeitoa, nusu ya deni ikalipwa, iliyobaki ikapangwa kwa miaka minne. Ada ilikuwa elfu tisini na tano na VAT, kwa mafungu matatu, fungu la mwisho likilipwa juma lililopita. Vyumba viwili kati ya vitatu vina wageni sasa, na bi mdogo ndiye anayekusanya kodi.